Nukta ya Tatu

Enzi zetu mstari ulikuwa kazi ya mikono. Vijana wa leo wanagusa simu, mstari unatokea umenyooka, na wao wanajiita wamesoma. Sisi pale Njombe tulianza kwa kupasha vidole moto. Mwezi wa saba baridi ilikuwa inauma hadi penseli inakataa kushikika, kwa hiyo kila mtoto alitoka nyumbani na kiazi cha kuchemsha mfukoni mwa sweta. Kikishapasha mikono ndipo kiliwe. Hisabati ilikuwa na harufu ya viazi, jamani, na hakuna aliyeona ajabu.

Karatasi ya grafu tulinunua mojamoja dukani, tukaibeba katikati ya daftari kama kadi ya harusi. Ukiikunja, umeiharibu. Penseli ilichongwa kwa wembe mpaka ncha iweze kutoboa mtu. Mwalimu wetu, Mwalimu Mligo, mrefu, mkali, koti lile lile mwaka mzima, alituimbisha kila kipindi: "Nukta mbili zinachora, ya tatu ni shahidi." Maana yake, ukishapata nukta mbili mstari wako upo, ila ya tatu ndiyo inayosema kama umehesabu sawa au umedanganya.

Tulipokuwa kidato cha pili akatangaza jaribio. Watakaochora grafu sawasawa wataingia mchepuo wa sayansi, wengine watakwenda sanaa. Mimi nilitaka uuguzi. Nilikuwa nimeshaamua hata namna nitakavyotembea wodini, taratibu, watu wakinipisha. Bila sayansi uuguzi ulikuwa hadithi, na nililijua hilo kuliko nilivyojua Baba Yetu.

Siku ya jaribio tulipewa karatasi moja moja, hakuna ya pili. Ubaoni: y = 3 − 2x. Nikaanza na x sifuri, nikapata tatu. Kwa x mbili, hasi moja. Kwa x hasi moja, baridi ikanisahaulisha kwamba hasi mara hasi ni chanya, nikaandika moja badala ya tano. Tumaini, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, alichungulia jedwali langu akanakili lote, pamoja na kosa lake. Ndivyo tulivyopendana.

Nukta zangu zikakaa kama kilima: moja chini, moja juu, moja chini tena. Sasa msinicheke. Mimi ni mtoto wa wakulima wa viazi, shamba letu liko mtelemkoni. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulima matuta yamenyooka toka juu hadi chini, mazuri kweli, baba akanifanya niyabomoe yote siku hiyo hiyo. "Tuta lililonyooka linakaribisha mvua ibebe udongo," alisema. Kwetu tuta hupinda kufuata mlima, na mwenye kunyoosha ndiye mjinga. Basi nikaufuata mlima. Nilichora mstari uliopinda vizuri, ukapita nukta zote tatu bila kuikosea heshima hata moja.

Mwalimu Mligo aliinua karatasi yangu darasa zima lione. Aliuliza kama ule ni mstari au ni barabara ya kwenda Ludewa. Walicheka, na mimi nikacheka nao, maana kulia kungeongeza burudani. Sifuri. Tumaini akapata zote. Yeye akaenda sayansi, mimi nikaenda kukariri tarehe za wafalme waliokufa.

Leo Tumaini ni muuguzi mkuu, na mimi nauza mbao Makambako. Sio mbaya, mbao hazilalamiki usiku. Mwezi uliopita alinitembelea, akamkuta binti yangu Neema anafanya kazi ya shule kwenye simu. Mstari ukajichora wenyewe. Tumaini akauliza nukta ziko wapi.

"Hazina kazi, mama mkubwa," Neema akamjibu. "Simu haikosei."

Chai ya Tumaini ikapoa, nikamwongezea ya moto, bado hakunywa. Neema alipotoka kwenda kuanua nguo, ndipo akasema.

"Mama Neema, siku ile nukta yangu ya tatu niliisogeza. Sikuhesabu upya. Niliweka rula kwenye zile mbili za kwanza, nikaifuta ile ya tatu nikaipandisha mstarini, na jedwali nikalirekebisha."

"Najua," nikamwambia. "Nilikuona."

Akaniangalia. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungekosa na wewe, halafu mimi bado nisingepata."

Akalia. Mimi sikulia, nilishalia siku ile ile njiani kurudi nyumbani, na miaka kadhaa baadaye kila nilipoona sare nyeupe. Niliumia, siwezi kuwadanganya, na nilimwonea wivu hata siku ya mahafali yake nilipomvisha shada. Lakini nilimvisha. Neema aliporudi na nguo akatukuta tumeshikana mikono, akauliza kuna msiba gani. Tukamwambia hakuna, tulikuwa tunaongea habari za hisabati. Akatuhurumia, mtoto wa watu, akasema siku hizi hakuna haja ya kuteseka hivyo, akarudi kwenye simu yake.