Gego la Mwisho la Dobi

Kaka yangu alikuwa dobi, na wateja walimbatiza Mvua. Alipiga pasi kwa namna ya zamani: anabugia maji, anavimbisha mashavu, kisha anayapuliza juu ya nguo mpaka yanatoka ukungu mtupu. Shati likilowa sawasawa, pasi inapita mara moja tu. Mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba ni uchafu. "Basi kapige mwenyewe," Mvua akamjibu, "mimi mdomo nimeusugua mara mbili tangu asubuhi." Na kweli, alisugua meno kuliko bwana harusi.

Mimi ni dada yake mkubwa. Mama alipofariki nilimlea tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo nilizoea kumwamulia mambo. Kosa langu ndilo hilo, na nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta.

Alipofika miaka ishirini na sita, shavu la kulia lilianza kumsumbua. Linavimba, linapoa, linavimba tena. Mara ya tatu nilimkokota mwenyewe hadi kwa daktari wa meno, mama mmoja mfupi asiye na haraka. Akampiga picha ya taya, akatuonyesha. Kati ya magego yake manne ya mwisho, matatu yalikuwa yamesimama wima. La nne, la chini kulia, lilikuwa limelala ubavu, limemwegemea jirani yake.

"Haya matatu siyagusi," daktari alisema. "Yana nafasi, hayaumi, mswaki unayafikia. Gego la mwisho haling'olewi kwa sababu tu limeota. Lakini hili fizi imelifunika nusu. Chakula kinaingia chini yake, usaha unarudi kila mara, na mwisho litaozesha hata la jirani. Meza dawa hizi, uvimbe ukishuka uje nilitoe."

"Nitaweza kupuliza maji?" Mvua akauliza.

"Baada ya wiki hivi. Ukipuliza mapema, damu iliyoganda kwenye shimo itatoka, na kwa maumivu utakayopata utanikumbuka."

Kaka yangu akanywea. Ulikuwa msimu wa mahafali, majoho ya chuo yamejaa kwenye kamba za duka lake. Uvimbe uliposhuka nilimnunulia chupa ya kupulizia. Akaijaribu kwenye joho moja, akaiweka kando. Alisema inatema matone, na matone yanaacha alama kwenye kitambaa cheusi. Ndipo mimi mjuaji nikafungua mdomo.

"Wewe nawe! Mimi yangu manne yote yamo na natafuna mifupa. Si umeshapona? Liache."

Alishusha pumzi, akacheka. Nadhani alikuwa anangoja mtu wa kumruhusu aogope.

"Haya, dada," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Miezi miwili alikaa vizuri, nami nikajisifu kwa majirani. Kisha Jumatatu moja shavu likaanza tena, na safari hii uvimbe ukateremka hadi chini ya kidevu. Alinificha. Nilipopita dukani Jumatano nilimkuta anajaribu kubugia maji, meno hayaachani, maji yanamtiririka kifuani. Hata mate yake yalikuwa yanamshinda kumeza. Nilimpakia kwenye teksi huku nikimfokea njia nzima, na wa kufokewa nilikuwa mimi.

Hospitalini walituambia usaha umetoka kwenye lile gego ukaenea chini ya ulimi na shingoni, na sasa unabana njia ya hewa. Yule daktari mfupi akaitwa. Mvua alikuwa hawezi tena kusema, akaomba kalamu kwa ishara. Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: "Nimekubali. Ling'oe." Kisha akanitazama, ili na mimi nikubali. Nikaitikia kwa kichwa.

Daktari akaisoma, akamshika mkono. "Nitalitoa," alimwambia. "Kwanza tukusaidie kupumua."

Walimwingiza chumba cha upasuaji. Alitoka akiwa hai, ana mpira shingoni wa kupitishia hewa, akakaa siku moja na nusu bila kufumbua macho. Sumu ya usaha ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Ijumaa saa nne asubuhi moyo wake ulisimama, na mimi nilikuwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano.

Watu wakiniuliza kaka yangu aliugua nini, nasema jino. Wao hutabasamu kidogo, wakingoja nimalizie. Wengine hunipa pole na kuniambia siku zake zilikuwa zimefika, nami huwashukuru, maana wana nia njema. Lakini nikibaki peke yangu nalia, na ninajua ninacholilia. Daktari aliangalia mdomo wa kaka yangu. Mimi niliangalia wangu, na yeye akanisikiliza mimi.