Tairi za Kuchonga

Mimi tairi siliamini kwa macho, nagusa. Naingiza ukucha wa dole gumba kwenye kashata, ile mifereji ya juu, nasikia kina chake. Ukucha ukizama, sawa. Ukigota mapema, hicho ni kipara, na mwenye gari aache ubishi akanunue jingine. Kisha napitisha kiganja ubavuni kutafuta nyufa na nundu. Jumapili, wenzangu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa huku Buhare, mimi nimechuchumaa kwenye magari ya watu kama mwizi. Wananiita daktari wa tairi. Wakinicheka, nacheka nao. Hawajui yalianzia wapi, na sijawahi kuwaambia.

Gari langu la kwanza nililinunua kwa faida ya duka langu la vipuri vya pikipiki, pale Mwisenge. Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuwa na gari. Kwetu Butiama mali ni ng'ombe. Siku niliyolipeleka nyumbani, kaka yangu mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufariki, alilizunguka mara tatu, akaligongagonga ubavuni kama anachagua dume mnadani. Tangu hapo hakuna mgeni aliyepita kwake bila kuambiwa kwamba mdogo wake ana gari.

Tairi zilipoisha sikununua nyingine. Ulikuwa ubahili mtupu, nisiutafutie jina zuri. Madereva wengi mjini walikuwaga wanachonga, na mimi nikapeleka zangu kwa fundi. Alipasha kisu kwenye jiko la mkaa, akafuata mifereji ile ile iliyofutika, akaichimba upya kwenye mpira kidogo uliobaki, karibu kabisa na nyuzi za ndani. Akamalizia kwa kupaka dawa nyeusi. Ukitazama, mpya. Trafiki alikuwa anainama, anaangalia, ananiruhusu niende. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Halafu kaka akaja na mkewe kuazima gari. Baba mkwe wake alikuwa mgonjwa Bunda, walitaka kwenda kumwona. Kuendesha alijua, aliwahi kuwa dereva wa lori la pamba. Alilizunguka gari kama kawaida yake, akainama kwenye tairi la nyuma, akaweka mkono.

"Tairi ziko sawa, mdogo wangu?"

"Ziko sawa, kaka. Si unaziona kashata hizo?"

Alinyamaza kidogo. Akapangusa mkono kwenye suruali, akachukua ufunguo.

Tairi lile lilipasuka wakiwa hawajafika Bunda, jua la saa saba, lami imechemka. Gari likapinduka. Shemeji walimtoa amevunjika mguu. Kaka walimtoa amekufa. Kwenye mazishi watu walinong'ona kwamba tumerogwa, kwamba kuna jirani aliyelionea wivu gari letu. Wivu! Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na koleo mkononi, nikawasikiliza hadi mwisho, nikaendelea kufukia.

Miaka imepita. Kaka hanijii ndotoni. Angekuja huko ningeshukuru. Ananijia mchana kweupe, nikiwa namtafutia mteja mnyororo wa pikipiki. Namwona ameinama, mkono kwenye tairi, amenyamaza. Hasemi neno. Nimeogopa kile kimya chake kuliko kitu chochote duniani.

Mwezi uliopita shemeji alikuja dukani, anachechemea. Binti yake amenunua gari, akaniomba nikamkagulie tairi kabla hajaanza kwenda nalo kazini Bunda. Nikashindwa kujizuia. Pale pale, katikati ya maboksi, nilimwambia yote: kisu, jiko la mkaa, dawa nyeusi. Nililia mbele yake bila haya. Nilitaka anilaani, anizabe kofi, chochote.

Hakushangaa. Alivuta kigoda akakaa, akaunyoosha ule mguu. Akanieleza kwamba kaka alijua. Alipogusa tu alijua ni tairi za kuchonga. Kingo zake zilikuwa kali mno, na kwenye malori alikuwa ameshaziona nyingi. Walipofika Makutano alimwambia mkewe. Shemeji akamsihi sana warudishe gari, wapande basi.

"Akakataa," shemeji alisema. "Akasema tukilirudisha utajua amegundua, utaona aibu. Akasema tutaenda polepole. Na tulikwenda polepole kweli, shemeji."

Miaka yote hii nilikuwa naishi na dhambi ya kumdanganya kaka yangu. Kumbe hakudanganyika hata kidogo. Alinisitiri.