Wapita Njia wa Muyinga

Nilitoka Gitega kwenda kuolewa Muyinga miaka michache baada ya uhuru. Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili, na nyumbani kwetu watu hawakukatika: wateja, mashangazi, watoto wa jirani waliokuja kuokota vipande vya vitambaa. Nyumba niliyoingia Muyinga ilikuwa kimya. Mume wangu alichuuza chumvi na ndagala, dagaa wakavu. Alipakia baiskeli alfajiri akaenda masoko ya Giteranyi, na mara nyingi hakurudi siku hiyo. Nilibaki na wakwe zangu wawili. Mama mkwe aliuza maandazi sokoni. Aliondoka na beseni kichwani, akarudi alasiri, akasema neno moja au mawili, akajinyoosha kitandani. Nilimwogopa.

Sijaizoea bado nyumba ile, baba mkwe akafa. Alirudi kutoka msikitini Ijumaa moja, akasema kifua kinambana, akajilaza, na magharibi haikumkuta.

Mama mkwe akaingia eda. Miezi minne na ushei asivuke kizingiti bila haja, mwanamke ambaye tangu usichana wake alishinda katikati ya kelele za soko. Siku za mwanzo walikuja wanawake kuhani, wakajaa mpaka uani. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, tukabaki wawili tunaangaliana.

Huzuni yake niliielewa. Ambacho sikukitegemea ni jinsi kukaa bure kulivyomtesa. Alisuka mkeka, akaufumua, akausuka tena. Alichambua maharage niliyokwisha kuyachambua. Tukategeana vitendawili kwa Kirundi, yeye akisema "Sokwe!", yaani kitendawili, na mimi nikijibu "Niruze!", yaani tega, mpaka vyote tulivyovijua vikatuishia, akaanza kunitegea vile vile vya jana nami nikijifanya sikumbuki jibu. Redio ya marehemu ilikuwa juu ya kabati, lakini hakutaka iguswe.

Chumba chake kilikuwa na dirisha dogo la mbao lililotazama barabara ya sokoni, na ubao mmoja ulikuwa umepasuka. Alasiri moja ya manyunyu nilimkuta amebandika jicho kwenye ule ufa. Nilitaka kurudi nyuma kimyakimya, lakini akaniita mkamwana kwa Kirundi, bila kugeuka:

"Mukazana, njoo. Unaona ule mzee wa koti?"

"Namuona, mama."

"Iko anaenda wapi?"

"Sijui. Sokoni?"

"Sokoni na saa hizi? Soko imeisha. Angalia vile anashika ule mfuko kwa nyuma. Amenunua nyama, na hataki ndugu yake amuone."

Nilicheka kwa sauti, kisha nikaziba mdomo kwa kuwa nyumba ilikuwa na msiba. Yeye hakutoa sauti, ila mabega yake yalitikisika.

Kuanzia siku hiyo, nikishaosha vyombo, tulikuwa tunakaa pale kwa kupokezana ufa. Mmoja alichagua mpita njia, mwingine alieleza anatoka wapi, anakwenda wapi na kuna nini moyoni mwake. Mama mkwe alikuwa hodari. Mimi nilisema tu fulani anakwenda kwa dada yake. Yeye alimjua na huyo dada, na ugomvi wao juu ya sufuria, na nani angeanza kulia wakikutana. Yule mwanamke niliyekuwa namwogopa alinifanya nishike mbavu. Jioni mume wangu akirudi alitukuta tumekaa kwa adabu, kila mmoja na kazi yake, akatupa pole kwa upweke.

Tulikuwa na mtu wetu tuliyempenda kuliko wote, Mkongomani mmoja wa Kivu aliyepita kila wiki na furushi la vitenge kichwani. Kwa maelezo ya mama mkwe, mwanamke yule alikuwa amemkimbia mume anayekoroma, na sasa alikuwa anatafuta kiwanja aoteshe vitunguu. Siku moja akagonga mlango wetu. Tulishindwa kumtazama usoni.

"Bonjour, mama. Poleni na msiba. Mi nilichelewa kusikia."

Alikuwa Mkristo, lakini alijua habari za eda, akaketi chini kwenye mkeka bila kufungua furushi. Alituambia mumewe alibaki kwao kuangalia watoto na mihogo, na kwamba anamkosa sana. Mama mkwe alinikanyaga mguu nisicheke. Tangu hapo kila alipopita aliingia kupumzika, na hatukumtia tena katika mchezo wetu.

Ni yeye, bila kujua, aliyeuvunja. Alituletea ndizi siku moja, nasi tukiwa bado tunafurahia mtu wa jana yake: kijana aliyesukuma baiskeli iliyofungwa godoro nyuma. Tulikuwa tumemwoza kijana yule. Tulikuwa tumempa mke mrefu kuliko yeye, na kitanda kifupi. Mama mkwe akamuuliza mgeni kama huko sokoni amesikia habari za harusi, maana tumemuona mtu na godoro.

"Ule kijana wa godoro?" mgeni akasema. "Ile haikuwa harusi, mama. Alikuwa anatoka hopitali. Mke wake amekufia pale. Alimpelekea godoro ya nyumbani asilale pabaya, basi alikuwa anairudisha."

Baada ya mgeni kuondoka mama mkwe alikaa kitandani. Hakulia siku alipofiwa, au mimi sikumuona. Siku ile alilia.

"Nimecheka mtu aliyefiwa," alisema. "Na mi mwenyewe nimefiwa. Wangenichungulia hapa ndani wangesema nini?"

Nikamwambia, "Mama, hukujua."

"Hatukujua. Na tulisema kama tunajua." Kisha akaanza kunisimulia habari za mumewe, kwa mara ya kwanza. Kwamba wakati wa mvua alimbebea beseni mpaka sokoni na watu wakamcheka, naye hakujali. Kwamba alipenda maandazi yaliyoungua kidogo, na kila asubuhi mama alimuunguzia moja kwa makusudi. "Sasa mkono bado unataka kuunguza," akasema.

Siku kadhaa hatukusogea dirishani. Nilikuwa wa kwanza kurudi, kwa kuwa nilimuona anaanza tena kuufumua mkeka. Nikachungulia, nikasema kuna mama amebeba kuni na mtoto mgongoni. Aliuweka mkeka chini.

"Huyo anafika nyumbani," akasema. "Moto unawaka, kuna mtu amekwisha kumpikia."

Toka siku hiyo ndivyo tulivyocheza. Kila mtu aliyepita tulimpa nyumba na chakula na mtu anayemsubiri. Mchezo haukuwa na vichekesho vya mwanzo, lakini tuliupenda zaidi.

Eda ilipoisha alirudi sokoni na beseni lake, ila alasiri alikuja moja kwa moja chumbani na kuniita. Tuliendelea hivyo kwa miaka. Mimi sikupata mtoto. Mashangazi wa mume wangu walianza kusema mbele yangu, kisha wakasema naye peke yake. Mama mkwe hakusema kitu. Mume wangu akaoa mke wa pili, msichana wa Gashoho mwenye heshima, na sina baya la kusema juu yake. Alipozaa mara ya pili, mume wangu alinikalisha chini akaniambia kwa upole kwamba biashara ya baiskeli haiwezi kulisha nyumba hii yote. Akanipa talaka.

Nilimwendea mama mkwe. Nilitaka aseme neno.

"Mwanangu," alisema, "mi nakula mkononi mwake. Nitasema nini?"

Asubuhi nilipoondoka alinifungia maandazi kwenye kitambaa, ya moto bado. Hakutoka nje kunisindikiza. Watu huuliza kama niliumia kwa kuachwa na mume. Niliumia, lakini mume nilikuwa nimekwisha kuzoea kumkosa. Kila ilipofika alasiri ndipo nilipokosa pa kujiweka.

Gitega nilirudi kushona vifungo na kupindisha nguo katika kazi ya baba. Saa za bure zilikuwa nyingi. Mara moja nilijaribu na mdogo wangu, tumekaa barazani, nikamwonyesha mtu na kumuuliza anakwenda wapi.

"Posta," akasema. "Namjua yule. Anafanya kazi pale."

Sikumuuliza tena.

Miaka ikapita, na yule mama wa vitenge alifika soko la Gitega akaniulizia mpaka akanipata. Alinishika mikono yote miwili kabla ya kusema. Mama mkwe alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Nilipanda lori la kupitia mji wa Ngozi, nikafika Muyinga matanga yamekwisha. Mke mwenzangu wa zamani alinipokea vizuri, akanipikia chai ya tangawizi, akaketi karibu nami akimenya ndizi.

"Dada, nikuulize," akasema. "Mama alikuwa ananiita pale dirishani kila siku. Ananiuliza, huyu anaenda wapi? Mi namwambia sijui, mama, nina kazi, watoto wanalia. Kesho ananiita tena. Mwishoni alikuwa anajiuliza na anajijibu peke yake. Tukasema akili imechoka. Alikuwa anataka nini?"

Nikamweleza.

Alifunika uso kwa pembe ya kitenge. "Ni hiyo tu?" akasema. "Ilikuwa hiyo tu?"

Nilimwambia ana watoto wadogo, asijilaumu. Sijui kama ilimsaidia. Mtoto alilia uani, akainuka kwenda kumnyonyesha, nami nikachukua kisu nikaendelea kumenya ndizi alizoziacha.

Kesho yake mume wake alinisindikiza mpaka kwenye malori. Alikuwa na mvi, na baiskeli alikuwa anaisukuma tu. Aliniuliza baba hajambo. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, lakini dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini, na sikuwa na nguvu ya kuanza habari hiyo.

"Hajambo," nikasema, nikapanda.