Mtu wa Ukurasa wa Novemba

Nilipokuwa na miaka minane, tukikaa Märsta, Uswidi, jikoni kwetu ilining'inia kalenda kutoka jimbo la Maine, Marekani. Ilitumwa na mjomba Bahati, mwana wa kiume wa pekee wa bibi yangu, aliyepelekwa huko pamoja na wakimbizi wenzake. Kila mwezi ulikuwa na mnara wa taa wa zamani juu ya miamba, na pembeni alama za jimbo: msonobari, na ndege mdogo mwenye kichwa cheusi. Bibi, ambaye sote tulimwita Koko, hakuipenda.

"Minara yote hii, na hakuna hata muntu mumoja?" alilalamika.

Alikuwa na mwiko wake: ukurasa wa mwezi ambao haujafika haufunuliwi. Kuufunua ni kuchungulia mlango wa Mungu, na yule utakayemwona ndani hatafika kwako. Mwaka ule mwiko ulikazwa zaidi, maana mjomba aliahidi kuja mwezi wa kumi na moja, na Koko hakuwa amemtia machoni tangu kambini, miaka tisa.

Likizo ya vuli ilipofika, mama akiwa uwanjani Arlanda alikosafisha ndege, saa kumi na moja tu jioni na giza limeshaingia, uvumilivu ulinishinda. Nilipanda kiti nikaifunua Novemba. Kona ya karatasi ilikuwa na alama ya dole gumba, rangi ya mawese. Nikajifuta vidole kwenye sketi bila kuwaza. Macho yangu yalikuwa kwenye mnara. Mlangoni pake alisimama mwanamume mwenye shati jeupe, amenipa mgongo. Nilisubiri ageuke. Najua ninavyosikika, lakini kweli nilisubiri, na friji ikaacha kunguruma.

Koko alikuwa nyuma yangu. Hakunifokea, yeye aliyefoka hata kijiko kikianguka.

"Uliona nani?"

Hakuuliza nimeona nini. Nikajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yangu nikiogopa: "En man." Mwanamume.

"Anaangalia huku?"

"Hapana. Mgongo tu."

Aliirudisha Oktoba polepole. "Usiambie mama yako."

Siku ya tatu simu ikalia. Mjomba alikuwa ameanguka kazini, kwenye kiwanda cha samaki, na moyo ukasimama.

Tarehe mosi mama, macho yamevimba, aligeuza ukurasa. Mnara ulikuwepo, na miamba, na mlango uliofungwa. Hapakuwa na mtu.

Nilikwenda kulia mapajani mwa Koko. "Mimi ndiye niliyemuua mjomba."

Alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Haiko wewe, mwana yangu. Haiko wewe."

Sikumwamini. Niliibeba hatia hiyo mpaka shule ya sekondari, na kila vuli iliamka upya.

Koko alipofariki, tuliikuta kalenda chini ya godoro lake, imekunjwa pale pale Novemba. Ile alama ya dole ilikuwa bado ipo, imepauka. Nyumbani kwetu mama alipikia mafuta ya dukani. Mawese alipikia Koko peke yake. Niliweka dole gumba langu, la mtu mzima sasa, juu ya lile lake, likaenea sawasawa.

Hamu ilimshinda kabla yangu. Alimwona mwanawe amempa mgongo, akarudishia ukurasa, akaendelea kupika. Na mimi miaka yote nilidhani siku ile alikuwa ananibembeleza, kumbe alikuwa anaungama.