Kigoda cha Mbele

Asubuhi ya mechi ya mwisho ya kundi nilikitoa kigoda cha bibi stoo. Nikakifuta vumbi, nikakipitishia kitambaa chenye mafuta kidogo, mpingo ukarudi kuwa mweusi na yale majani aliyoyachonga babu pembeni yakaonekana tena. Binti yangu akaniuliza cha nini, wakati makochi tunayo. Nikamwambia ni cha mpira. Aliniangalia namna watoto wa siku hizi wanavyotuangalia, akaenda kutafuta chaja.

Timu yetu ya taifa ilikuwa inahitaji ushindi ili ifuzu fainali za Afrika. Goba, mtaani kwetu, ilikuwa kimya. Kama na wewe unakaa sehemu ya namna hii unaujua ukimya wenyewe: kila mtu na geti lake, kila mtu na televisheni yake, na jirani unamjua kwa rangi ya gari. Nikawasha mkaa nje, nikabandika maharage, na harufu ya moshi ule ikanirudisha Manzese ya utotoni moja kwa moja.

Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga, ile yenye korido katikati na vyumba huku na huku, na uani kuna bomba, choo na banda la kupikia. Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani, mwenye televisheni pekee nyumba nzima. Mkabala naye alikaa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, mlokole, mpole mpaka ukimpa chenji pungufu ni yeye anayeomba radhi. Chumba cha mwisho, kinachopakana na uani, kilikuwa chetu, mimi na bibi. Bibi alikuja Dar kutoka Newala akimfuata babu, ambaye alikuwa mchonga vinyago. Babu alipofariki bibi aligawa patasi zake zote kwa vijana wa kazi, akabakiwa na kile kigoda. Akakaa juu yake miaka yote, akipika maharage ya nazi na chapati za kuuza.

Na alipenda mpira. Sijaona mtu aliyeupenda mpira kama yeye, na nimeishi na wanaume wengi wanaojidai. Redio yake ndogo aliining'iniza kwenye msumari wa banda, na akikanda unga huku mechi inaendelea, chapati za siku hiyo zilitoka laini au ngumu kulingana na matokeo. Wateja walijua. Kuna waliouliza kwanza tumefungwa au tumefunga ndipo waagize.

Mwaka ninaoukumbuka tulipangwa kundi moja na vigogo wa Afrika Magharibi, majirani zetu, na timu ya kisiwa ambacho mwalimu alitusaidia kukitafuta kwenye ramani. Anayeongoza kundi ndiye anayefuzu, wengine wanarudi nyumbani. Fundi akaamua kuitoa televisheni chumbani, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo mwanzoni mwa korido, ili nyumba nzima ione. Bibi alibeba kigoda chake akakaa mbele kabisa, kanga safi, mikono mapajani. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa bila kufanya kazi.

Mechi ya kwanza, dhidi ya majirani, ilikuwa imegoma, hakuna goli. Bibi akanyanyuka kwenda kutazama maharage yasiungue. Hajafika uani, tukafunga. Akarudi mbio, akakaa, majirani wakasawazisha. Akatoka tena kuongeza mkaa, na kelele iliyotoka korido ile ilimfanya amwage mkaa wote chini. Tulishinda. Baada ya mechi fundi alimjia bibi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, uso wa mtu anayekwenda kutoa posa.

"Bibi, shikamoo tena. Naomba usinielewe vibaya. Ila wewe mwenyewe umeona. Wewe ukikaa na maharage yako, sie tunafunga."

"Kwa hiyo mnanifukuza?"

"Hatukufukuzi, bibi. Tunakupanga namba."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akakubali. Mwalimu ndiye aliyekasirika, akasema huo ni ushirikina mtupu, mpira unachezwa na watu ishirini na wawili na hakuna hata mmoja anayejua kama kuna bibi Manzese. Lakini nyumba nzima ilikuwa upande wa fundi, na kusema kweli hata bibi alikuwa upande wa fundi. Kama timu ilihitaji akae uani, atakaa uani. Mechi zilizofuata za kundi lile alikaa na kigoda chake kwenye moshi, na mimi nikakaa naye, maana niliona vibaya aachwe peke yake.

Hapo ndipo nilipojua jinsi ya kutazama mpira kwa masikio. Bibi aliizima redio yake ili aisikie korido, akainua kijiko, akasikiliza. Sauti ikipanda taratibu alisema tunashambulia. Ikikatika ghafla, kipa kadaka. Fundi akisukuma kiti chake nyuma, ni kona, kwa sababu fundi hakuweza kuangalia kona akiwa amekaa. Alinisimulia mchezo mzima, na nilipokwenda kuhakikisha korido nilikuta ni kweli. Umeme ukikatika tulijua sisi kabla ya jirani yeyote, kwa yale matusi. Nilimwona bibi mtu mkubwa sana siku zile, mkubwa kuliko yeyote aliyekuwa anaonekana kwenye ile televisheni.

Ikafika mechi ya mwisho, dhidi ya vigogo, hapa hapa Dar. Tulihitaji ushindi, sare isingetusaidia. Siku hiyo mwalimu aligoma kabisa. Alikuja uani na shati lake la kanisani, akakibeba kigoda mwenyewe.

"Leo unakaa mbele, bibi. Mtu anayeipenda timu kuliko sisi wote hawezi kuisikia kama habari ya msiba."

Hakuna aliyethubutu kumpinga, hata fundi. Bibi alikaa. Nilimwona akiwatazama wachezaji wakiimba wimbo wa taifa, midomo yake ikitembea pamoja nao. Aliona rangi ya jezi, aliona majani ya uwanja, akaniambia hakujua kuwa kipa wetu ni mdogo kiasi kile. Halafu vigogo wakafunga.

Hakuna aliyemgeukia. Fundi alikaza macho kwenye televisheni mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lakini bibi alikuwa anajua kusikiliza kuliko sisi, na ukimya ule aliusikia. Alinyanyuka, akainama akachukua kigoda chake.

"Nimeshawaona," alisema. "Wazuri. Wacha nikaangalie chungu."

Mwalimu alishika mkono wake. Bibi akautoa taratibu, akampigapiga begani, akatembea korido yote mpaka uani. Nikamfuata.

Tulisawazisha. Alijua kabla yangu, kijiko hewani. Kisha tukangoja lingine, na maharage yakakauka, na bibi akaongeza maji, yakakauka tena. Sauti ilipanda mara nyingi na kukatika mara nyingi. Mwisho tukasikia televisheni imezimwa huku mtangazaji bado anaongea, na bibi akaweka kijiko chini.

"Imeisha," alisema. "Moja moja."

Mwalimu alikuja uani, akasimama mbele yake kichwa chini. Akamwomba radhi kwa kumpeleka mbele. Fundi naye alikuwa nyuma yake, akaomba radhi kwa kumweka uani. Bibi aliwatazama wanaume wale wawili, akawapa chapati kila mmoja, na siku hiyo hazikuwa ngumu.

"Kaeni, mle. Watafuzu tu, siku moja. Na siku hiyo mie nakaa mbele, mwanzo mpaka mwisho. Nyie wote mtakuja huku kuniangalizia maharage."

Hakuiona siku hiyo. Tulimzika Newala, na kigoda kikawa changu. Nyumba ile imebomolewa, na ukipita na basi la mwendokasi leo utaona duka la vigae tu. Fundi sijui yuko wapi. Na ile kelele moja, ya televisheni moja na korido moja, nadhani haipo tena mahali popote.

Ndiyo maana juzi nilikiweka kigoda mbele ya televisheni, mbele ya makochi, na nikamweleza binti yangu haya yote. Halafu nikatoka nje kwenye maharage. Siku hizi goli linafika kwa mafungu: nyumba ya bondeni walishangilia kwanza, kisha jirani wa geti la bluu, na wa mwisho binti yangu, ambaye televisheni yetu ya intaneti inamchelewesha. Nilisimama na kijiko hewani, nikaogopa kuingia. Dakika zilizobaki niliongeza maji mara mbili. Kisha Goba nzima, geti kwa geti, ikaanza kupiga kelele na honi, na haikuacha.

Nilipoingia, wachezaji wetu walikuwa wamelala uwanjani wakilia kwa furaha. Makochi yote yalikuwa matupu. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni, pembeni ya kigoda, mkono wake juu ya yale majani ya babu.

"Kaiona yote, mama," aliniambia. "Mwanzo mpaka mwisho."

Nikarudi nje kuepua maharage.