Paka Wangu na Maji ya Josho

Paka wetu alikufa likizo ya mwezi wa sita, na kwa siku kadhaa niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua. Nalisema mapema, ili anayetafuta habari za shujaa aiache karatasi hii wenzake wafungie maandazi.

Alitoka Geita. Mjomba wangu alikwenda huko kuchimba dhahabu, akapotelea misimu miwili ya mvua, kisha akarudi na kikohozi, sururu moja, na mtoto wa paka ndani ya kofia. Paka alikuwa na rangi ya papai lililoiva.

"Dhahabu ndiyo hii," mjomba alimwambia bibi. "Imebaki kuyeyushwa tu."

Bibi akamtazama mjomba, akamtazama paka, akasema afadhali paka, huyo angalau haongei wakati wa kula.

Hakupewa jina. Kwetu ng'ombe ndiye mwenye jina, tena jina la sifa. Paka ni paka. Mimi nilimwita "wewe", naye alikuja. Dada zangu walimwita kwa sauti tamu na majina ya kizungu ya kwenye redio, asigeuze hata sikio.

Msimu wa pamba chumba changu hakikuwa changu. Tulichuma, tukabeba kwa vikapu, tukamwaga humo mpaka rundo likagusa dirisha, na mimi nikalala juu yake kama askofu. Saa nane mchana, wakubwa wakiwa shambani na mimi nikiwa nimetoroka kwa kisingizio cha tumbo, jua lilipenya kwenye matundu ya bati na kusimama chumbani kama vijiti. Vumbi la pamba lilipanda na kushuka ndani ya vile vijiti, polepole, kama vile halina haraka ya kuwa vumbi. Paka alipanda kifuani pangu, akazunguka mara mbili, akajilaza. Hapo sikujua tena kama nimelala au niko macho. Mara nyingi nilisikia mngurumo wake nikadhani ni lori la ushirika linakuja kuchukua pamba, linakuja kutoka mbali sana, linakuja, na halifiki.

Kisha akaanza kuacha dagaa. Paka wa kwetu kuacha dagaa ni sawa na mwalimu wetu wa hesabu kuacha fimbo: kuna jambo. Akakonda mgongoni. Manyoya yakasimama ovyo. Akawa anapanda rundo la pamba kwa vituo, kama bikizee anayepanda mlima wa misheni, na akifika juu anahema.

Sasa, mtoto wa mfugaji anajifunza uganga kwa ng'ombe kabla hajajifunza kusoma. Baba alikuwa amenifundisha: funua mdomo, tazama fizi. Zikiwa nyeupe, hiyo ni ndigana baridi. Papasa chini ya sikio na chini ya taya. Tezi zikivimba, hiyo ni ndigana kali. Zote mbili huletwa na kupe. Nikamshika paka, nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama ile pamba aliyoilalia. Nikapapasa chini ya taya, nikakuta vitu viwili kama punje za karanga. Nikaenda kwa baba mbio.

"Baba, paka ana ndigana."

Baba alikuwa anashona gunia. Hakuinua kichwa. "Ipi? Kali au baridi?"

"Zote mbili."

"Basi mpeleke machungani akale majani na wenzake."

Akacheka peke yake, akaendelea kushona. Mimi sikucheka, na watu wa kwetu wanajua kwamba mimi kutocheka ni habari.

Kila Alhamisi tulipeleka ng'ombe kwenye josho. Kwa asiyelijua, ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa. Ng'ombe anasukumwa upande huu, anazama mpaka pembe, anaogelea, anatokea upande wa pili akiwa amekasirika na kupe wake wamekufa. Ndigana inazuiwa hivyo. Kwa hiyo nilifikiri, na sikuona kosa lolote katika hesabu yangu: ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile, mgonjwa ni mdogo, basi kipimo kiwe kidogo. Alhamisi hiyo nilichota maji ya josho kwenye kopo la maziwa ya unga, nikalificha chini ya koti, nikaja nayo nyumbani. Nikachovya kitambaa. Nikampaka paka mgongoni, tumboni, nyuma ya masikio, kwa upendo kabisa. Hakunikwaruza. Alinitazama tu, kisha akaanza kufanya kile ambacho ng'ombe hafanyi, nami sikukifikiria hata mara moja. Akajilamba.

Baada ya muda mfupi mate yakaanza kumtoka. Miguu ikatetemeka. Nikampigia bibi kelele.

Bibi alinusa kitambaa, akanitazama usoni. Alimchukua paka chini ya kwapa kama kuku, akakaa naye kando ya beseni la maji. Mwaka ule sabuni ilikuwa imeadimika madukani mpaka watu walikuwa wanafulia majivu, na bibi alikuwa na kipande kimoja cha kuogea, chembamba kama ulimi, alichokitunza kwa ajili ya misa ya Jumapili. Kiliisha chote kwenye mgongo wa paka.

"Mume wangu," alisema, maana bibi yangu ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "tulikupeleka sekondari uje kutuogeshea paka kwa sumu?"

"Nilikuwa namtibu."

"Nikiugua mimi usinitibu. Niite padre moja kwa moja."

Kutetemeka kulikoma kesho yake asubuhi. Lakini paka hakurudi kuwa paka. Alilala tu juu ya pamba, ananuka sabuni ya misa, macho nusu wazi. Mimi nikalala pembeni yake mchana kutwa, sasa bila kisingizio, kwa sababu tumbo liliuma kweli. Nikaota ng'ombe wetu wote wanapita katika josho na hawatokei upande wa pili. Maji yametulia, yamekuwa meupe, yamekuwa pamba, na mimi nimesimama ukingoni nahesabu pembe. Nilipoamka sikujua ni alasiri ya siku gani. Paka alikuwa ananiangalia. Nilimwambia, "Wewe, usife, watasema ni mimi." Hata hapo nilikuwa najifikiria mwenyewe, mjue.

Alhamisi iliyofuata nikamweka kwenye kikapu cha pamba, nikafuata ng'ombe. Wanaume wa josho walipoona kichwa kinachungulia kikapuni, wakafurahi siku nzima.

"Huyo naye anaogelea?"

"Ana kupe wangapi, tuwahesabu?"

"Bwana Mifugo, ng'ombe wa kizungu huyu hapa! Anatoa lita ngapi?"

Bwana Mifugo alikuwa kijana mrefu, mwenye viatu vya mpira na daftari lililolowa. Nilimwamkia, shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama paka. Akaweka daftari chini, akanawa mikono. Kisha akafanya yaleyale niliyofanya mimi: akafunua mdomo, akapapasa taya. Kisha akafanya nisiyoyajua. Akabonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili, akatega sikio ubavuni.

"Huwa anapigana?"

"Na mapaka yote ya kijiji."

"Vidonda?"

"Kila wiki."

Akarudi kwenye taya, akapapasa tena. Watu wakasogea karibu, maana walizoea kumsikia akipiga kelele, si hivi.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, kumbe ni Msukuma mwenzetu, "hii si ndigana. Ndigana ya ng'ombe haimpati paka. Nadhani ni saratani ya damu. Chuoni tulifundishwa kwamba paka wanaambukizana wenyewe, kwa mate, kwa kuumana. Inakaa mwilini kimyakimya, miezi, hata miaka. Ikiamka ndiyo hivi."

"Dawa?"

"Hapa hakuna. Kahama hakuna. Hata Dar es Salaam wasikudanganye."

Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo la kuchekesha, likakataa kutoka. Nikasema lile jingine.

"Nilimpaka maji ya josho. Wiki iliyopita. Akajilamba."

Mtu mmoja nyuma yangu akapiga mluzi. Bwana Mifugo akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nani alimwosha?"

"Bibi. Kwa sabuni."

"Mshukuru. Ile ingemuua siku ileile au ya pili. Haikumuua." Akamfunika paka kwa upindo wa khanga iliyokuwa kikapuni. "Lakini kumpima damu siwezi, kwa hiyo kuapa siwezi. Nakwambia ninavyodhani."

Niliondoka na hilo "nadhani". Lilikuwa zito kuliko kikapu.

Siku chache baadaye zamu yetu ya kupeleka pamba ikafika. Baba na mjomba wakaingia chumbani na magunia, wakaanza kushindilia. Rundo likashuka dirishani, likashuka kiunoni, likawa kilima kidogo katikati ya chumba, na paka juu yake. Mimi nilikaa pembeni nikisubiri kuambiwa mwondoe. Mjomba akanyoosha mkono.

"Hiyo iache," baba alisema.

"Itajaza nusu gunia."

"Ina manyoya. Karani ataiita fifi, atatukatalia mzigo mzima. Iache."

Fifi ni pamba chafu, ya daraja la chini. Ile haikuwa chafu, ila baba alisema fifi, na mjomba akafunga mdomo wa gunia.

Lori lilikuja kweli siku hiyo, nikalisikia tangu mbali. Nilikuwa nimelala ubavuni mwa kile kilima, mkono wangu juu ya mgongo wa paka. Ngurumo ikakaribia, ikajaa chumba, vumbi likacheza katika jua, watu wakapakia, wakaitana, wakatukanana vizuri. Kisha lori likaondoka na ngurumo ikawa ndogo, ndogo zaidi. Ilipokwisha kabisa nilibaki nimeshika kitu kisichopanda wala kushuka.

Tulimzika nyuma ya zizi, mimi na mjomba. Nikarudi uani. Bibi alikuwa anabangua karanga, ungo mapajani.

"Bibi, Bwana Mifugo alisema hawezi kuapa. Kama ni mimi je?"

Akavunja ganda, akatoa karanga, akavunja jingine.

"Mume wangu, mahakama ya mwanzo iko kule barabarani, karibu na dispensari. Mimi hapa nina karanga. Ukitaka hukumu, nenda. Ukitaka kukaa, kaa ubangue."

Nikakaa. Nilibangua vibaya sana, karanga zangu nyingi zilikwenda na maganda, na pua ilikuwa inatiririka mpaka kwenye ungo. Bibi aliziokota moja moja kwenye maganda.