Nilivyofuta sauti ya mama yake Zubeda tukitengeneza video ya chuo

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii siyo chai, ni kweli tupu. Imenikaba miaka mingi, leo naitema.

Miaka ya tisini, enzi za ruksa, TV ndo kwanza zinaingia majumbani. Nilikuwa chuo kimoja Raskazone, Tanga, tukapewa group project: tengenezeni video ya wimbo wenu. Kundi letu tulikuwa watatu: mimi, Eliya Msambaa, na Zubeda wa kule Moa.

Tuliedit mtaa wa Nguvumali, kwa fundi wa video za harusi. Nyie mnaoedit kwenye simu mnisamehe. Sisi ilikuwa deki mbili, huku unacheza kanda, kule unarekodi.

Zubeda alileta kanda ya harusi ya dada yake, tuchomoe sekunde chache za kinamama wakicheza ngoma. Humo mama yao alimwimbia bi harusi wimbo wa kumuaga. Mama alishafariki, na sauti yake haikuwepo popote pengine. Kaka yao alikuwa amevunja kile kiplastiki cha pembeni ili mtu asirekodi juu yake.

Siku moja kabla ya presentation, deki ikatafuna kanda yetu ya master. Mgao wa umeme unaanza saa kumi, kanda mpya hatuna, Zubeda kaenda kuswali.

Eliya akasema, "Hii ya harusi si ina nafasi mwishoni?"

Nikapeleka mbele nikakuta chenga tupu, picha hakuna. Nikajua harusi imeishia hapo. Nikabandika selotepu pale palipovunjwa, kama tulivyozoea wote, nikarekodi upya kazi yote hapo, isipokuwa kile kipande cha ngoma, dakika nne.

Zubeda aliporudi tukamweleza, akauliza, "Mna hakika hamjagusa kitu?"

Nikamjibu kwa dharau kuwa edit naijua mimi. Mjinga kabisa.

Kesho yake darasani wimbo wetu ulikwenda vizuri. Ulipoisha, kanda ikaendelea. Chenga kidogo, halafu harusi ikarudi. Kinamama wamesimama, wanapiga vigelegele, wanamtunza mtu ambaye kamera imeshamwacha.

Kumbe mpiga picha aliacha pengo kidogo tu katikati, kisha akaendelea. Darasa likadhani ni sehemu ya video yetu, likapiga makofi.

Zubeda akasogea karibu na TV. "Ameshamaliza kuimba," akasema, akatoka.

Tulipata A. Sijawahi kuichukia alama kama ile.

Mwaka jana tulikutana msibani Tanga, nikamwomba radhi kwa mara ya tatu.

Akaniambia, "Nilishakusamehe zamani, kaka yangu. Ila sauti yake siikumbuki tena."

Nililia kwenye gari kama mtoto.

Funzo: kitu cha mtu kikivunjwa kiplastiki, ana sababu yake. Usibandike selotepu.

Na kama humu kuna fundi anayeweza kurudisha kilichorekodiwa juu yake, aseme. Wanne wameshaniambia haiwezekani, lakini bado nauliza.